Karani na Namba za Buluu

Kabla ya kuruhusu tangazo lolote litokee kwenye jukwaa letu la mtandaoni, mzee huyu alilisoma kwa sauti, peke yake, kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho. Tangazo la mbuzi aliyepotea Kiringye alilisoma akiwa ameketi. Tangazo la kifo alilisoma amesimama, kiganja kimoja juu ya meza, miwani imeshuka hadi ncha ya pua. Ukimkuta katika hali hiyo ulisubiri mlangoni. Hakukuona, au alijifanya hakukuona.

Watu wa Uvira walimwita Papa Greffier, kwa kuwa maisha yake yote ya kazi alikuwa karani wa mahakama, yule anayekaa chini ya jaji na kuandika kila kinachosemwa. Mimi nitamwita Karani. Alizaliwa wapi, na ni wa ukoo gani, sitasema. Kwetu maswali hayo yamewahi kuwagharimu watu zaidi ya majibu yake, na yeye mwenyewe hakuwahi kumuuliza mtu.

Jukwaa alilianzisha alipostaafu. Kompyuta ilikuwa moja, ya mezani, imepandishwa juu ya kabati kwa sababu ziwa lilikuwa limekwisha kuingia mara mbili katika nyumba yake ya Mulongwe. Alisema kwamba katika makundi ya simu habari inapita kama mvua ya upepo, hailoweshi ardhi. Alitaka mahali ambapo neno la mtu likishawekwa linabaki, kama katika faili la kesi. Kwa hiyo watu wa Kamanyola, wa Nyakabere, wa Uvira mjini, na wale waliovuka kwenda Burundi na kusambaa huko mbele, wote waliandika pale: nani kafa, nani kajifungua, njia gani imefungwa, nani anamtafuta nani. Hayo ya mwisho ndiyo yaliyokuwa mengi.

Mimi nilikuwa mwanachama wa mwanzo na, nakiri kwa aibu, ndimi niliyejaza kurasa nyingi kuliko wote. Nina digrii ya fasihi na utafiti wa udaktari uliofika sura ya pili kabla mtoto wangu wa kwanza hajazaliwa. Mtoto huyo sasa ananyoa ndevu. Karani aliniita Monsieur le Licencié, yaani Bwana Mwenye Digrii, na kila alipotamka hivyo nilihisi amechukua cheti changu na kukikagua kwenye mwanga wa dirisha.

“Monsieur le Licencié, hii andiko yako iko murefu sana. Hata juge angelala.”

“Ni maoni, Papa.”

“Maoni! Mushitakiwa anaongea mufupi kuliko weye, na yeye anaogopa gereza.”

Lakini hakukata hata sentensi moja. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yake kubwa, na alikuwa nayo tangu mahakamani: maneno ni ya mwenyewe. Shahidi akikosea, unaandika kosa. Akitukana, unaandika tusi. Alijivunia kwamba katika miaka yake yote hakuwahi kunyoosha kauli ya mtu, hata jaji alipomkonyeza. Tangazo lisilofaa alilikataa lote. Lililofaa alilipitisha lote, na makosa yake, na matusi yake, na maombi ya sadaka. Kugusa katikati, hapana. “Minye si mushonaji,” alisema.

Hakuwa mtakatifu. Alihubiri upatanisho jukwaani, akawalazimisha wanachama waliogombana waandikiane salamu mbele ya watu wote, ilhali ndugu yake wa damu, aliyeishi ng'ambo ya ua wa matete, hakuwa amesemeshwa naye kwa miaka. Chanzo kilikuwa ua huohuo, uliosogezwa hatua moja. Siku ziwa lilipopanda na kuubeba ua wote, kila mmoja alitoa maji nyumbani kwake kwa ndoo, migongo imeelekeana, bila neno. Nilipomtania juu ya hilo alinijibu kwamba ua umekwenda lakini faili halijafungwa.

Alikuwa pia bahili wa sifa, na mwoga wa simu. Simu ya kisasa hakuwahi kumiliki. Aliishika ya mtu kwa vidole viwili, kama unavyomshika kisamaki ndagala aliyeanza kunuka. Mambo yote ya mitambo aliyaacha kwa mwanamke mmoja mwenye kibanda cha kutengeneza simu sokoni. Sote tulimwita Mama Fundi. Yeye ndiye aliyekuja siku moja na habari ya buluu.

Nilikuwapo. Mama Fundi alieleza kwamba programu ya jukwaa imepata toleo jipya, na kwamba tangu sasa mtu akiandika anwani ya tovuti au namba ya simu, programu itaitambua yenyewe na kuipaka rangi ya buluu. Msomaji akiigusa kwa kidole, tovuti inafunguka, au simu inaita. Hakuna tena kunakili tarakimu kumi kwenye kiganja.

Karani alifikiri. Alikuwa na wazo la wale mama wazee wa kambi za wakimbizi ng'ambo ya mpaka, wanaosomewa tangazo na jirani kisha wanashindwa kuhamisha namba kutoka kioo kimoja kwenda kingine. Mara nyingi walimwandikia wakilia kwamba wamempigia mtu asiye wao.

“Na maneno ya muntu? Yatageuka?”

“Apana, Papa Greffier. Herufi njo zile zile. Inageuka rangi tu.”

“Rangi tu,” alirudia, kama anayeandika. Akakubali.

Mwezi wa kwanza tulicheka. Kwetu watu wengi hawaachi nafasi baada ya nukta. Wana haraka, na kidole kimoja ndicho kinachofanya kazi yote. Mtu akaandika: “Tumefika salama.Na watoto wako wazima.” Programu ikaona salama, nukta, na, ikadhani hiyo ni anwani ya tovuti, ikaipaka buluu. Ukiigusa unapelekwa mahali pasipo na kitu. Mama Fundi alieleza kwamba anwani za nchi ya Namibia ndizo zinazoishia hivyo.

“Namibia?” Karani aliuliza. “Namibia iko na kesi gani na sisi?”

Basi kila aliyefika salama na watoto alikuwa amefika Namibia. Mzaha huo ulitushibisha wiki nzima, mpaka lilipokuja tangazo jingine: “Baba amefariki.Ni jana asubuhi.” Maneno mawili ya katikati yakawa buluu. Binti wa marehemu, aliyekuwa kambini upande wa Burundi, aliyagusa. Alidhani ndani yake kuna picha ya mwili, au ya kaburi. Ulifunguka ukurasa mweupe wa kumwambia kwamba anachokitafuta hakipo. Akaandika chini: “Nimeguza kifo cha baba, wanasema haiko. Basi hakufa?”

Karani alilisoma swali hilo amesimama. Kisha akaketi, akajibu mwenyewe, jambo alilolifanya mara chache sana: “Amekufa, binti yangu. Mashine njo haikujua.”

Nilimwambia aiondoe ile buluu. Hakuiondoa. Alisema mama wazee wameizoea, na kwamba mtambo unaokosea kuhusu Namibia unaweza kuvumiliwa ikiwa haukosei kuhusu namba. Na kweli, kuhusu namba haukukosea. Nataka hilo lieleweke. Asubuhi ile ninayotaka kuisema, programu ilifanya kazi yake sawasawa.

Tangazo liliandikwa na mwanamke aliyekuwa amevuka mto Ruzizi kuingia Burundi siku mbili nyuma. Alitumia simu ya kuazima, isiyo na salio la kupiga ng'ambo ya mpaka. Nalinakili kama lilivyokuwa: “Mume wangu amebaki peke yake uku Congo. Simu yangu ilianguka mu maji, namba zote zimekufa nayo, imebaki ya mume wangu tu mu kichwa. Rafiki yake infirmier wa Nyakabere, kama unasoma hapa, mupigie, anakungojea weye. Namba ni hii.” Kisha tarakimu kumi.

Mumewe pia alikuwa muuguzi. Kosa lake lilikuwa kufunga jeraha la mtu ambaye wenye silaha wengine hawakutaka afungwe jeraha. Walikuwa wakimtafuta. Alijificha katika ghala la jirani huko Kiringye, bila umeme, na simu ya vifungo ambayo betri yake ilishikiliwa kwa raba. Hakuwa na salio la kupiga. Rafiki wa Nyakabere alimjua mtu anayejua vivuko vya mto. Kilichobaki ni kumpigia na kumwambia atoke saa ngapi na apite wapi. Mambo haya tuliyajua baadaye. Asubuhi ile tuliona tu mwanamke mwenye hofu na namba ya buluu.

Tangazo lilimlenga msomaji mmoja. Tuliolisoma tulikuwa wengi, na karibu wote tulikuwa na moyo mzuri. Mchungaji mmoja aligusa namba ile na kusali hadi amina. Mama muuza samaki wa mukeke aligusa ili kusema pole. Wengine waliigusa kwa dole gumba wakipitisha ukurasa, wakashtuka simu ikiita, wakaona aibu kukata bila kusalimia. Na yule muuguzi hakuweza kuacha kupokea. Namba ya rafiki yake ilikuwa imebadilika. Kila mlio ungeweza kuwa ndio wenyewe.

Karani aliona. Nakiri kwa niaba yake kile alichokikiri mwenyewe mara nyingi: alikuwa amelipitisha tangazo bila kuwaza, na nusu saa baadaye, aliposoma chini yake “nimempigia, pole sana” ya kwanza, ya pili, ya tatu, alielewa kwamba simu moja iliyongojewa inazibiwa njia na hizi. Angeweza kuifuta namba. Kidole kimoja. Badala yake alimwandikia yule mwanamke: “Madame, naomba ruhusa yako kutoa namba katika tamko lako.” Maneno ni ya mwenyewe. Lakini mwenyewe alikuwa amekwisha kuirudisha simu ya watu na kwenda kupanga foleni ya maji. Jibu lake, “ndiyo, Papa, toa haraka,” lilikuja saa nne nzima baadaye.

Kuzima buluu peke yake, bila kugusa herufi, kuliwezekana pia, lakini hakujua namna. Alikwenda sokoni kwa miguu kumtafuta Mama Fundi. Kibanda kilikuwa kimefungwa. Alikuwa amekwenda Bujumbura kununua vioo vya simu.

Rafiki wa Nyakabere alilisoma tangazo karibu na adhuhuri. Alipiga. Simu ilikuwa imezimika, betri imeishia katika pole zetu. Alipiga tena hadi jioni. Muuguzi alingojea katika giza la ghala, na simu iliyokufa mkononi, siku ile na iliyofuata. Siku ya tatu alitoka peke yake kuelekea mtoni kwa njia aliyoifikiria yeye. Mwili wake ulikutwa na watu waliokwenda kumwagilia mpunga.

Na mimi? Mimi niliongea naye dakika kumi na moja. Simu yangu inaonyesha hivyo, na sijawahi kupata nguvu ya kuifuta kumbukumbu hiyo. Nilikuwa nimemaliza chai. Niligusa. Nilimwambia juu ya subira, juu ya bonde letu na yale lililopitia, juu ya thamani ya kazi ya kuponya. Yalikuwa mazuri. Nilikuwa ninayasikiliza mwenyewe. Kisha nikarudi jukwaani, nikaandika chini ya tangazo, na jina langu kamili: “Nimeongea naye kwa kirefu. Yuko imara.” Watu tisa waliniandikia amina.

Tangu hapo Karani hakuwa yuleyule. Buluu ilizimwa jioni Mama Fundi aliporudi, na haikuwashwa tena, hata mama wazee walipolalamika. Namba zikawa zinaandikwa kwa maneno: sifuri, tisa, tisa, saba. Yeye aliyekuwa hagusi herufi alianza kukata. Alikata majina ya vijiji, majina ya watoto, saa, rangi ya nguo. Tangazo la mtu anayetafutwa lilitoka likiwa limebaki kama mwiba wa samaki, na waliomtafuta wakashindwa kumtambua. Mwanachama mmoja alimwandikia kwa hasira, “Papa Greffier, umemutoa ndugu yangu mu tangazo la ndugu yangu.” Karani alilipitisha lalamiko hilo bila kukata neno, na kesho yake akaendelea kukata mengine. Miguu ilianza kumvimba. Watu wakaanza kuhama, mmojammoja, wakarudi kwenye makundi ya simu.

Kisha yule mjane alivuka mpaka na kuja Mulongwe. Sikuwapo, Mama Fundi alikuwapo na ndiye aliyenisimulia. Alisema mwanamke alikataa kiti. Karani alianza kuomba msamaha kwa Kifaransa cha mahakamani, kirefu, na yeye akamkatiza.

“Papa, minye sikuje kwa kesi. Bantu bengi waliongea na bwana yangu siku ile. Minye muke wake sikuongea naye. Ninataka maneno yake.”

“Maneno gani, mama?”

“Yote. Kila muntu aseme aliambiwa nini. Watoto wataniuliza. Nitawaambia nini, betri?”

Karani alifungua daftari jipya siku hiyohiyo. Aliweka tangazo: kila aliyepiga namba ile aje atoe kauli, au aandike, hakuna atakayelaumiwa. Programu ilikuwa imehesabu miguso lakini haikuandika majina, kwa hiyo ilibidi mtu ajitaje. Wale waliojigamba chini ya tangazo la kwanza walirudi kimyakimya kufuta majigambo yao. Nilifuta la kwangu nami. Nilikuwa wa pili au wa tatu.

Wachache walikwenda. Mchungaji alitoa sala yake yote, na muuguzi ndani yake alikuwa na neno moja, amina. Mama wa mukeke alisema kwamba muuguzi alimuuliza kama kwao kumenyesha, kwa maana alikuwa akisikia vyura. Mwanamume mmoja wa Kamanyola alisema aliulizwa saa. Mwingine pia, saa. Yote hayo yalikuwa ukurasa mmoja na nusu.

Nilikaa miezi bila kwenda. Nilijitengenezea sababu, na kwa kuwa nimesoma, zilikuwa sababu nzuri. Kilichonipeleka si ushujaa. Ni Mama Fundi, aliyenikuta sokoni na kuniambia mbele ya wateja wake kwamba Karani hatoki tena kitandani asubuhi, na kwamba yule mjane anavuka kesho kuja kuchukua daftari.

“Na weye, Bwana Maandiko, iko unangoja nini? Papa Greffier naye azikwe?”

Nilikwenda alasiri ile. Ziwa lilikuwa limefika kwenye ngazi ya chini. Karani alikuwa ameketi kwenye kiti chake, miguu imeinuliwa juu ya ndoo iliyopinduliwa, inang'aa kwa uvimbe. Kompyuta ilikuwa imezimwa, imefunikwa kitenge. Hakunikaripia. Hakuniita Licencié pia. Alifungua daftari, akaandika jina langu bila kuniuliza linaandikwaje.

“Saa?”

“Saa nne kasorobo, asubuhi.”

“Muda?”

Nilisema. Mkono wake ulisita kidogo, kisha ukaandika.

Nikaanza kumweleza nilichomwambia muuguzi. Nilipofika kwenye thamani ya kazi ya kuponya, aliinua kalamu.

“Hayo muke wake hakuyaomba. Yeye alisema nini?”

Nilikuwa nimejiandaa kwa lawama. Kwa swali hilo sikuwa nimejiandaa, na hiyo peke yake inaonyesha mimi ni mtu wa namna gani. Nilitafuta. Nilikumbuka sauti yangu vizuri sana.

“Alipopokea alisema, 'Ni weye?'”

Aliandika. “Kisha?”

“Nikajitambulisha. Nilimwambia mimi ni…”

“Yeye, nimesema.”

“Alisema, 'Asante, papa.' Na ndiyo. Alisema ndiyo mara nyingi.”

“Ngapi?”

“Sijui. Nyingi.”

Aliandika nyingi. Maji yalisikika yakigonga ngazi, na kwa ndugu yake ng'ambo mtu alikuwa akichekecha unga.

“Mwisho wake?”

“Karibu na mwisho alisema, 'Lakini, papa…'”

Karani alisubiri. Alikuwa na subira ya miaka arobaini ya mashahidi wanaojiuma midomo. Aliniangalia juu ya miwani, macho mekundu, bila ukali wowote.

“Lakini nini?”

“Sijui.”

“Hukusikia?”

“Nilikuwa bado ninaongea.”

Akainamisha kichwa, akaandika hilo pia.